Zulia Kuukuu la Mama Anastasie

Ukitaka kumjua Mama Anastasie wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, anza na harufu. Nasema hivyo kwa heshima zote. Asubuhi alikuwa ufukoni akinunua ndagala kwa wavuvi, mchana anazianika juani, na gari la mizigo likipanda Lulimba kwa wachimba dhahabu, yeye yuko juu ya magunia yake, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, akigombana na dereva kwa kila korongo la njiani. Wachimba dhahabu walimwogopa. Watu waliozoea kubishana na mapolisi hawakuthubutu kumwomba yeye aongeze hata kiganja kimoja cha samaki.

Alifiwa na mume angali kijana. Ndugu za marehemu walipokuja kutaka kumrithi, aliwapikia, akawashibisha, akawapa kila mmoja furushi la ndagala la kwenda nalo nyumbani, kisha akafunga mlango. Binti yake wa pekee, Godelieve, alimlea kwa ndagala hizo hizo, akamsomesha kwa masista mpaka akajua kudarizi na kujibu kwa upole. Huo upole sijui aliutoa wapi, maana kwa mama yake haukuwepo.

Mimi ni Émilienne, jirani yao. Mambo haya yalitokea miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakidhani watakaa kwetu milele, na nayajua yote kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kinywa chao. Kazi hiyo nilipewa bila kuulizwa, na ahsante yake naisubiri mpaka leo.

Godelieve aliolewa na Casimir, fundi cherehani. Casimir alikuwa mtu wa Fizi, kule mlimani penye ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, na watu wa Fizi wakishuka Baraka hutazama ziwa kana kwamba wao ndio waliolimwaga. Alishona kwenye baraza la duka la Bwana Stavro, Mgiriki, na suruali zake mwenyewe zilikuwa na mkunjo wa pasi ambao ungeweza kukukata kidole. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, hilo sitalificha, hata siku zile nilizotamani kumpiga mwiko.

Sasa, kwetu Wabembe, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na hawakai mkeka mmoja. Huo mkeka ndio mkubwa kuliko yote. Mkeka wa mkweo unauzunguka. Ukiukanyaga ni aibu. Ukiukalia ni faini ya mbuzi, na aibu inabaki palepale hata mbuzi akishaliwa. Ni heshima nzuri sana, mradi kila mtu akae kwake.

Mama Anastasie hakukaa kwake. Siku ambazo hakuwa safarini, alikuwa kwa bintiye tangu asubuhi. Casimir akirudi kula, inabidi akohoe nje ili mama ajifunike na kuondoka, na mama hakuwa mtu wa kuondoka kabla ya kumaliza maneno yake. Basi Casimir husimama juani, mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma na sakafu ya saruji, akimsikia mama mkwe akimweleza Godelieve kwamba pazia la sebuleni limeshonwa kombo. Aliyelishona ni yeye.

Kujibu hawezi. Hapo ndipo mimi nilipoitwa.

"Yaya Émilienne," angesema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, kwa sauti ya kufika hadi ndani, "wambie bale batu ba mu nyumba, bugali yangu iko inapola."

Nami, ugali ukizidi kupoa, naugeukia mlango. "Mama, anasema bugali inapola."

"Mwambie huyo muntu, bugali haiko na miguu. Itamungojea."

Waliishi hivyo, na labda wangezeeka hivyo, kama Godelieve hangeshika mimba. Mtoto wa kwanza, kwetu, hupokelewa na mama wa mzazi. Mama Anastasie alitangaza ufukoni, mbele ya wavuvi wote, kwamba mimba ikikomaa atahamia kwa bintiye na godoro lake, na hataondoka mpaka mtoto aote meno. Maneno hayo yalifika barazani kwa Bwana Stavro kabla ya samaki kukauka. Naambiwa Casimir alijichoma kidole kwa sindano ya cherehani.

Wakati huohuo Bwana Stavro alikuwa akifunga duka lake ili ahamie Usumbura, na alikuwa ametoa vitu vya nyumba yake avitembeze kwa wanunuzi. Vitanda, taa, vikombe, na mazulia ya Uturuki. Sisi tuliyaita tapi, na hatukuwa tumewahi kuyaona karibu hivyo. Kwao Bwana Stavro ni Izmiri, kando ya bahari ya Uturuki, na huko watu hukaa chini kama sisi, ila juu ya sufu ya kondoo iliyofungwa kwa mkono, fundo kwa fundo, mpaka yatokee maua na miti na pembe. Mengi yalikuwa mapya, aliyotumiwa na binamu yake kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa mashua hadi kwetu. Moja tu lilikuwa la zamani, kutoka nyumba ya bibi yake.

Watu walikuja kugusa. Mzee Sebasaza, mfugaji wa nyanda za juu aliyekuwa ameteremka kuuza siagi, alishika ukingo wa zulia jekundu, akauliza kama kondoo hawa walizaliwa na rangi hiyo. Nadhani alikuwa anatania, lakini kwa uso wake huwezi kujua.

Casimir hakugusa. Alikwenda nyumbani, akapima sebule yake kwa futi ya ushonaji, ukuta hadi ukuta, akarudi na kupima mazulia. Alipolikuta moja jipya, kubwa kuliko yote, jekundu la mawese, linaloenea sebule nzima bila kubaki wala kupungua, alitabasamu tabasamu ambalo mimi sikulipenda. Lile la zamani alilisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Bwana Stavro, na hii? Unauzisha batu vitu vya kuchoka?"

"Ile iko na bei kupita yako," akajibu Mgiriki.

Casimir alicheka mpaka akaketi. Alilipa zulia lake jipya, akalibeba na rafiki zake hadi nyumbani, wakahamisha viti, wakalitandaza. Mlangoni akaweka beseni la maji, na amri: hakuna kuingia kabla ya kunawa miguu. Jioni ile nusu ya Baraka ilikuja kunawa. Nami nilinawa, nikakanyaga, na nitasema kweli hata kama inaniuma: miguu yangu haikutaka kutoka pale.

Asubuhi iliyofuata Mama Anastasie akaja na kikapu chake na chupa ya mawese. Mguu ulikuwa tayari juu ya kizingiti aliposimama. Akaurudisha nje. Casimir siku hiyo hakuwa na haraka ya kazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya zulia, viatu amevua, vidole vya miguu vinacheza kwenye sufu, na macho yake ameyaelekeza kwenye bati.

"Émilienne!" mama akaniita, nami nikatoka jikoni kwangu na mwiko mkononi. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kama heshima inavyotaka. "Uliza kile kiti kule, banatandika nini mule?"

"Kiti," nikasema, "unaulizwa."

"Yaya, mwambie mama ni tapi," Casimir akaliambia bati. "Inatoka Turukia. Banaifuma na mikono."

"Uliza: banaikalia, ao banaiangalia tu?"

"Tunaikalia. Mi mwenyewe naikalia sasa hivi."

"Basi ni mukeka," mama akasema.

"Kama banataka kuita mukeka, ni mukeka. Mulango haiko na kufuli. Nani amekataza muntu kuingia?"

Nilichelewa kidogo kuelewa. Mama alikuwa amekwisha kuelewa. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Zulia lilianzia kizingitini na kuishia kwenye mlango wa chumba cha kulala, bila kuacha hata upana wa unyayo. Ili amfikie bintiye, Mama Anastasie ilimpasa akanyage mkeka wa mkwe wake kutoka mwanzo hadi mwisho, mchana kweupe, na mkwe mwenyewe amekaa juu yake. Hakumfukuza mtu. Alipamba nyumba tu.

Mama angeweza kwenda kwa wazee, lakini angewaambia nini? Kwamba mkwe wake ameleta nyumbani kitu kizuri? Wangemwuliza kama kinauzwa na kingine.

Kuanzia siku ile alimtembelea bintiye kupitia dirisha la chumba cha kulala. Dirisha lilikuwa juu, basi alipindua kinu changu, akapanda, na mimi nikatwanga muhogo wangu kwa jirani mwingine. Supu alizopitisha dirishani nusu zilimwagikia ukutani. Godelieve, tumbo limeshafika puani, alisimama upande wa ndani akimshika mama yake vidole.

"Mama," nilimsikia akisema, "mi naogopa. Masista ya maternité, bale ba kuzalisha, nabaheshimu, lakini nataka we unishike mugongo. Weye, hapana muntu mwingine."

"Nitakushika."

"Utapita wapi?"

Mama aliviachia vidole vya bintiye. Alishuka kwenye kinu, akajifuta uso kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona kwamba amezeeka. Niliingia kwangu nikavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Godelieve alijaribu kwa mumewe. "Casimir, toa hii kitu."

"Tapi ya Turukia haiko ngozi ya mbuzi, ya kukunja-kunja."

"Mi nataka mama yangu."

"Mama yako anakatazwa na nani?" akasema Casimir, akatia tonge kinywani. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa anakula bugali ya moto, na utamu wake ulikuwa umempanda kichwani. Macho ya mkewe aliyakwepa, hilo nililiona. Lakini aliendelea kula.

Siku chache baadaye Mama Anastasie akaniambia nimsindikize kwa Mgiriki. Tulikwenda saa ya chakula, tukijua kwamba fundi yuko kwake. Bwana Stavro alikuwa amebakiwa na vitu vichache, na juu ya meza ya kukatia vitambaa lilikuwa limelala lile zulia la zamani, jembamba na refu, la kutandika kwenye ujia wa nyumba. Wekundu wake ulikuwa umegeuka udongo. Buluu ilibaki pembeni tu, na katikati sufu ilikuwa imelika hadi nyuzi za chini zinachungulia. Mama akalipindua, akatazama mafundo ya nyuma, akalinusa, ingawa sijui angeweza kunusa nini zaidi yake mwenyewe.

"Bei gani?"

Bwana Stavro akataja.

"Ile mupya, mukubwa, umeuzisha bei ndogo, na hii ya kulika unataka bei ya mulima? Unaniuzisha matundu?"

"Mama Anastasie, mupya banaweza kufuma kila siku. Hii hakuna muntu anaweza kuifuma tena. Rangi yake ni ya mizizi. Na bantu banaikalia miaka na miaka. Nyanya yangu aliikalia. Mama ya nyanya yangu aliikalia."

Mama aliyekuwa ameshageuka kuondoka akageuka tena.

"Nyanya yako aliikalia?"

"Kila siku. Pale katikati. Njo maana imelika."

"Alikuwa na batoto banamuke?"

"Bengi."

"Baliolewa?"

"Bote, Mungu asifiwe."

"Sasa, bale bakwe. Bale banaume ya batoto yake. Balikuwa banakanyaga hapa?"

Bwana Stavro alikuwa ameuza vitambaa Baraka miaka mingi, na hakuna kichefuchefu cha mimba wala ugomvi wa ukwe uliopita barazani kwake bila yeye kuusikia. Alinitazama, akamtazama mama, akaweka mkono kifuani.

"Kwetu bakwe banavua viatu inje. Nyanya yangu akikaa hapa, bao banasimama kule. Hakuna hata mumoja aliyethubutu."

Kama ilikuwa kweli, sijui. Bwana Stavro akiweka mkono mmoja kifuani, mimi huangalia mwingine uko wapi. Lakini mama alipitisha kiganja chake taratibu juu ya pale palipolika, mahali ambapo akina mama wakwe wa Izmiri walikuwa wamekaa wakiwaona vijana wa watu wamesimama mlangoni na viatu mkononi, na uso wake ukaanza kurudi ujana.

"Punguza," akasema.

Walipigania bei mpaka Mgiriki akajipangusa shingo kwa kitambaa cha kuuzia. Bei yenyewe siisemi, maana inanikera hadi leo. Kwa fedha ile mtu angepata mashua. Tulilibeba njia ya nyuma, mimi mbele, yeye nyuma, na njiani akanieleza sheria.

"Tapi ya yule ni ya mukwe. Hii ni ya bamama-bakwe. Mukubwa ni nani?"

"Ni hii, mama."

"Na muntu akikaa juu ya mukeka yake mwenyewe, anakaa juu ya mukeka ya mwingine?"

Niliwaza, nikasema hapana. Akaridhika na hakimu wake, tukaendelea. Zulia alilificha katika ghala lake la samaki, na hilo lilikuwa kosa ambalo pua zetu zililipa baadaye.

Uchungu ulimshika Godelieve siku ambayo Casimir alikuwa amepanda gari kwenda Fizi kupeleka suti ya bwana harusi. Godelieve aliniita ukutani, nami nikakimbia ufukoni nikipiga kelele bila aibu yoyote. Mama Anastasie aliacha ndagala zake mchangani kwa kunguru. Wanawake wawili wa pale pa kuanikia wakabeba zulia mabegani, sisi tukitangulia, na watoto wa njiani wakiuliza tunamzika nani.

Alilitandika yeye mwenyewe. Alipiga magoti nje ya kizingiti, akalisukuma, nalo likajikunjua juu ya wekundu wa Casimir, likapita katikati ya viti, likafika mlango wa chumbani na kuingia ndani kidogo. Mlango wa nje lilikuwa limeujaza wote. Akavua viatu, akanawa miguu katika beseni, maana alisema nyumba ya watu ina amri zake, akapanda. Alipita juu ya zulia la mkwe wake bila kuligusa hata kwa ukucha, akaingia chumbani, na nikamsikia akisema, "Mi niko hapa, mama yangu. Niko nyuma yako. Egamia." Godelieve aliyekuwa akilia tangu asubuhi akanyamaza. Mimi nilibaki sebuleni nimeshika sufuria ya maji ya moto, nikafurahi mpaka nikasahau kwamba inaniunguza.

Mtoto alizaliwa jua lingali juu. Msichana, mwenye nywele nyingi na hasira za ukoo.

Casimir alimsikia toka barabarani. Alikuja mbio na furushi lake, lakini mazoea ni mazoea: alipofika mlangoni alivua viatu, akatia miguu beseni, mmoja baada ya mwingine. Alipoinua macho ndipo akaliona. Pua yake ikaliona pia.

"Nini hii?"

Mimi nilikuwa nimesimama kando, juu ya zulia lake jekundu. "Ni tapi," nikasema. "Inatoka Turukia. Banaifuma na mikono."

"Ya nani?"

Sauti ikatoka chumbani. "Émilienne, mwambie huyo muntu ni mukeka yangu. Mulango haiko na kufuli. Nani amekataza muntu kuingia?"

Sikuhitaji kumwambia. Casimir alilitazama zulia tangu kizingitini hadi mwisho, kama fundi anayetafuta mshono, na hakuupata. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uani, kila mmoja akijifanya amekuja kuazima chumvi.

Ndipo mama akatoka na mtoto. Akaketi katikati ya zulia lake, palepale palipolika, na kwa kuwa heshima haimruhusu kumtazama mkwe, akampa mgongo. Mtoto akawa upande wa pili wa mgongo huo, na mgongo wa Mama Anastasie haukuwa mdogo. Casimir alijinyoosha kulia, akajinyoosha kushoto. Akazunguka mbio hadi dirisha la pembeni. Mama, kwa adabu kubwa, akageuka upande mwingine. Akarudi mlangoni, kwa mazoea akatia tena miguu beseni; mama akageuka tena. Uani mtu alishindwa kujizuia akacheka, na nadhani nilikuwa mimi.

"Yaya, mwambie mama nataka kuona mutoto."

"Mama, anataka kuona mutoto."

"Mwambie angojee. Mutoto haiko bugali. Hatapola."

"Ni mutoto gani? Mwambie aseme basi, ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwambie ni muntu."

"Mama, inatosha," Godelieve akasema kutoka kitandani.

"Bado," mama akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi zaidi, lakini nilipomtazama Casimir, alikuwa amesimama kama mwombaji mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Furushi la vitambaa alikuwa bado amelikumbatia, na mle ndani, tulikuja kujua baadaye, mlikuwa na kanzu ndogo ya mtoto aliyoishona kwa siri. Nikaanza kumhurumia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilifungua kinywa nimwombee.

Sikuwahi. Casimir aliweka furushi chini, akapima kwa macho ukanda wa zulia lake mwenyewe uliobaki wazi kando ya ukuta, akarudi nyuma, akaruka. Kama angeruka na miguu mikavu, angefika. Lakini miguu ilikuwa imetoka kwenye beseni, na kizingiti cha saruji Godelieve alikuwa akikisugua nta kila Jumamosi. Mguu wa kurukia uliteleza, ule mwingine ukaenda Fizi, na Casimir, fundi wa suti, akatua kwa makalio katikati ya zulia la mama mkwe wake, nyuma yake tu.

Wanawake uani walishika vinywa. Casimir hakuweza kuinuka, maana ili ainuke ingembidi akanyage, basi akabaki amekaa hivyo hivyo, mikono yote miwili juu hewani, asije akagusa zaidi ya alivyokwisha kugusa.

Mama Anastasie akageuka. Safari hii aligeuka mzima mzima, na mtoto mkononi, akamtazama mkwe wake usoni. Kutoka siku mahari ilipotolewa hawakuwa wametazamana. Mimi nilikuwa tayari kupeleka maneno, nikangoja kupewa, hakuna aliyenipa.

"Casimir," akasema. Alilitaja jina. "Unakaa."

"Mama, mi nateleza."

"Naona. Kama umeshakaa, kaa muzuri. Kunja miguu." Akakunja. "Shusha ile mikono, leta hapa."

Akampa mtoto, mkono kwa mkono.

"Shika kichwa. Hapana hivyo, haiko nguo ya batu. Hivyo."

Casimir akamshika, akamtazama, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia waziwazi, mbele ya watu wa kuazima chumvi wote, machozi yakimdondokea mtoto usoni. Mama akachukua ncha ya kitambaa chake, akampangusa mtoto paji la uso, kisha, nadhani bila kufikiri, akampangusa na baba yake.

Walikaa pale wote watatu. Hakuna aliyekumbuka kunisemesha.

"Na mbuzi, mama?" Casimir akauliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Utaleta," Mama Anastasie akasema. "Dume. Ya kunona."

Nikaenda chumbani kumwangalia Godelieve. Alikuwa amelala kwa ubavu, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, anacheka na kuniomba nisimchekeshe kwa sababu inauma.